Kosa la Marehemu

Mwende siz, mambo? Niko Mutomo, jua linanikaanga kama chapati, na bado mimi ndiye mpiga besi mkali Ukambani yote. Cheka tu.

Unajua bendi yetu hupiga tu nyimbo za ile bendi ya zamani ya kwenye kaseti za baba. Sasa kwa wimbo mmoja, mpiga besi wao, marehemu, aliteleza akagusa noti mbaya wakati wa kurekodi. Jana hapa sokoni nikairekebisha, tamu kabisa. Watu wakaacha kucheza! Mama mmoja muuza maembe akanijia mpaka mbele: "Wewe kijana, hapo marehemu huteleza. Teleza!" Mwanzia, mwimbaji wetu, akaninong'oneza, "Teleza, ama urudi kwenu Migwani uchunge mbuzi."

Tukarudia, nikateleza. Siz, walipiga nduru mpaka vumbi ikapanda, yule mama akalia machozi. Nikipiga vizuri sijawahi shangiliwa hivyo!

Leo tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kukosea, kwa sababu Mwanzia anasema marehemu alikosea vizuri kuliko mimi.

Salimia mama, mkule muthokoi wa mahindi na maharagwe mkinikumbuka. Nawapenda, hata wewe.

Kyalo