Sijawahi Kufika Chadi

Jumanne, Julai. Upepo umevuma tangu asubuhi. Nimevaa makoti mawili na bado vidole havinyooki, kwa hiyo naandika polepole. Mwezi uliopita daktari aliniambia moyo wangu umechoka, nisipange mambo ya mwakani. Sikushtuka. Nina miaka themanini na mbili.

Kilichonishtua ni kitenge.

Mjukuu wangu Leokadia, mpima ardhi hapa Sumbawanga, anaondoka kesho alfajiri. Anakwenda peke yake, bila kampuni ya watalii, Afrika ya Kati na kisha Chadi, nchi ambazo hapa kwetu sijamsikia mtu akisema anakwenda kuzitembelea. Leo baada ya chai alinionyesha kitenge kipya alichokifunga kwenye gazeti.

"Hiki cha wajukuu wa Mama Halima," alisema. "Nitawatafuta mpaka niwapate."

Mama Halima ni yule mwanamke wa Abeshe, mji wa Chadi, aliyenipokea nilipougua homa ujanani, akaninywesha maziwa ya ngamia siku kumi na moja. Kila aliyesoma jiografia kwangu anamfahamu. Hata humu kwenye blogu nimemwandika mara mbili.

Hakuna Mama Halima. Nilimtunga.

Sijawahi kufika Chadi. Hata Ziwa Tanganyika sijalivuka.

Nilikuwa mwalimu kijana nilipoomba likizo bila malipo. Watu wa kijiji chetu, Pito, walinipikia pombe ya ulezi, padre akanitaja kanisani. Nikateremka hadi Wampembe, ufukweni mwa ziwa, nivuke kwa boti kwenda Kongo, kisha nipande kaskazini. Siku ya kuvuka nilitia mguu mmoja ndani, nikaona maji yanavyopanda ubavuni mwa boti, nikautoa. Nikamwambia mwenye boti, kesho. Nilisema kesho kwa miezi mitano, nikiishi kwa mvuvi mmoja, nikimsaidia kuanika dagaa na kushona nyavu.

Ningeweza kurudi nyumbani siku ya nne. Lakini mtu aliyeagwa na parokia nzima anarudije siku ya nne?

Kabla ya kupanda mlima kurudi nyumbani nilifua sweta langu mara tatu lisinuke dagaa. Mama aliuliza jambo moja tu: huko kukoje? Nikamjibu. Tangu siku hiyo sijaacha kujibu.

Katika ukoo wetu, msafiri hukalishwa na aliyetangulia njia ile, ampe njia. Basi Jumapili Leokadia alikaa hapa na daftari, nami nikampa. Nilimwambia kule mpakani hawaulizi karatasi ukianza kuwasalimia wazee. Nilimwambia akifika Abeshe asihangaike na chumba, aulize tu kwa Mama Halima. Aliandika yote. Mimi, msomi, nilikaa nikamtazama akiandika.

Darasani uongo ule haukumlaza mtu njaa. Huu ungemlaza mtoto wangu barabarani, ugenini.

Saa tisa alasiri nilimwita. Sikuzunguka.

"Mke wangu, futa yote niliyokuambia. Mimi niliishia Wampembe."

Alidhani ni utani wetu wa babu na mjukuu.

"Wampembe hii ya hapa Nkasi?"

"Kwani ipo nyingine?"

"Na ngamia je?"

"Nilimwona kitabuni."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama kwenye upepo, mikono kwapani. Nilifikiri ataahirisha safari. Nakiri kwamba nilitaka aahirishe.

Alirudi na daftari, akachana kurasa nne na kuzitia kwenye jiko la mkaa, mbele yangu. Viza anazo, namshukuru Mungu kwamba kwa hilo hakuniamini. Akakaa na simu yake zaidi ya saa nzima akitafuta nyumba za wageni.

Ndipo akauliza, "Uliogopa nini, mzee wewe?"

"Maji."

"Mimi naogopa kila kitu. Nilikuwa najipa moyo kwamba babu alipita."

Angenitukana, labda ingeuma zaidi ya hapo, labda pungufu. Sijui. Nilimwambia basi asiende.

"Nakwenda," alisema. "Ila nakwenda kwa miguu yangu, siyo yako. Na hao wanafunzi wako watajua lini? Siku ya kukuzika watasimama mmoja mmoja kumsifu Mama Halima, na mimi nikae pale natazama chini?"

Ndiyo maana naandika.

Mliosoma kwangu, mito na miji niliyowafundisha ni ya kweli, ipo mahali pake. Aliyekosekana huko ni mimi. Baadhi yenu mmekuwa walimu, na najua mnawasimulia watoto habari za yule mama wa maziwa ya ngamia. Acheni. Nisameheni pia, mkiweza.

Niliogopa aibu ya siku nne, nikaibeba maisha yangu yote. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeona haikai sawa.

Leokadia amekwisha kufunga mizigo na amelala mapema. Basi linaondoka saa kumi na moja. Hakusema kama atapita chumbani kuniaga, nami sikuthubutu kumwuliza.

Mlango wangu nimeuacha bila komeo.