Nimekaa Juu ya Mfuniko wa Handaki

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuniko wa handaki letu la mvinyo hapa Butiama. Kiti sina, na karatasi ni zile lebo za chupa ambazo mwanao Manyama amezikataa kwa sababu rangi imevuja. Nimekaa hapa tangu asubuhi na sitoki. Mwanao yuko uani anazunguka, anataka nimpishe ashuke kuangalia mapipa. Nimemwambia kama ni mwanamume kweli aje aninyanyue. Mdomo huu si nimeurithi kwako?

Ni kiangazi, Mama, na shamba liko vile ulivyokuwa unalipenda. Vishada vimeiva mpaka vinanata vidoleni, majani yameanza kukauka kingo, na ndege hawana haya. Bado tunawafukuza kwa kugonga madebe. Unakumbuka ulivyokuwa unagonga lile debe lako huku unaimba wimbo wa kanisani, halafu katikati ya ubeti unamtukana ndege, kisha unaendelea na ubeti wako kama hakuna kilichotokea? Baba alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Ndiye aliyeileta mizabibu hii kutoka Dodoma, vipando vimefungwa kwenye gunia bichi, watu wakamwambia kwenye mawe haya hutavuna kitu. Marehemu Baba alichimba tu.

Na Mzee Salum wa Bunda, yule wa matunda, alikuwa anakuja na matenga yake kuchukua zabibu mbichi. Harufu ya mvinyo ikimfikia anahamia upande wa pili wa ua. "Mama Nyasatu, nipe zangu mapema, kabla hamjaziharibu." Na wewe unamjibu, "Chukua zako za juisi, mzee wangu, tuachie sisi za harusi." Mnacheka wote wawili, unamwongezea kishada cha mtoto wake. Hayo ndiyo maisha niliyokulia, na ningependa nikuandikie hayo tu leo. Siwezi.

Handaki hili Baba alilichimba chini ya stoo kwa sababu joto lilikuwa linageuza mvinyo kuwa siki. Lakini sheria ya handaki ilikuwa yako. Hakuna aliyeshuka kabla ya koroboi. Ulikuwa unaiwasha, unaifunga kamba, unapiga magoti na kuishusha taratibu, sisi tumekuzunguka kimya. Moto ukifika chini bado unawaka, tunashuka. Ukizima, siku hiyo hakuna kushuka. Tunafungua milango, tunapunga mikeka, tunangoja mpaka koroboi ikubali.

"Zabibu zikichachuka zinapumua," ulitwambia. "Mnayoinusa ni pombe. Hewa inayoua hainuki. Inazama chini, inatulia kama maji kisimani. Wewe huioni, moto unaiona."

Mimi nilikuwa naona ni mambo yenu tu ya wazee, mpaka siku ya Magoti.

Manyama hakuwepo siku ile, alikuwa anasoma Bunda, anakaa kwa shangazi. Mimi nilikuwepo. Magoti, jirani yetu, alikuwa amekuja na mdogo wake kutusaidia kukoroga mapipa. Wewe ulikuwa shambani. Magoti alikuwa na haraka, ng'ombe wake walikuwa hawajanyweshwa. Akasema, "Koroboi ya nini mchana kweupe? Nashuka, napanda." Akashuka. Tukasikia kitu kimedondoka chini, kama gunia la mahindi. Mdogo wake akamwita, hakuitikiwa, akateremka mbio kumtoa. Naye hakupanda.

Nilipiga yowe ukalisikia. Ulipofika, mke wa Magoti alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Ulimdaka khanga, khanga ikachanika mkononi mwako. Ukamshika nywele. Ukamvuta kwa nywele, Mama, mjane yule ambaye alikuwa bado hajajua kwamba ni mjane, akakung'ata mkono mpaka damu ikatoka, akakutukana kwa Kizanaki matusi ambayo sijayasikia tena maishani. Hukumwachia. Hukumwachia mpaka wanaume walipokuja na kamba, na wakati huo chini hapakuwa tena na mtu wa kuokoa. Watoto wake wamelelewa na mama yao kwa sababu ya mkono wako. Hakuwahi kukushukuru, na wewe hukuwahi kungoja.

Jioni ile, wakati nakufunga kitambaa, ulisema maneno ambayo nimeishi nayo. "Handaki halichukui mmoja. Linachukua anayeanguka, halafu linamchukua anayempenda." Kisha ukaushika mkono wangu ukauweka juu ya lile jeraha. "Apa. Mtu akianguka mle hushuki. Unafungua milango, unaita watu, unaleta kamba. Hushuki. Hata nikiwa mimi."

Nilikuapia nikilia. Ulinikasirikia kwa kulia, ukaniapisha tena kwa macho makavu.

Sasa nisikilize. Mwanao ni mchapakazi, sitamdhulumu. Mimi naishi Makoko na kazi yangu, naja wakati wa mavuno tu. Yeye ndiye anayelala na shamba hili na kuamka nalo, na mvinyo wake sasa unapelekwa kwenye harusi za Musoma na Bunda. Ungejivunia. Lakini ameweka taa za sola mle handakini. Nilipofika nikauliza koroboi iko wapi. Nimeikuta kwenye kabati la jikoni, ina kutu, ndani wametia mbegu za bamia! Nikamuuliza ni nini hiki.

"Sasa hivi kuna mwanga, Dada," ananiambia. "Koroboi ilikuwaga ya zamani, ya giza. Na moshi wake unaharibu mvinyo."

Ya giza! Yaani mwanao alidhani miaka yote ile ulikuwa unatafuta mwanga. Taa ya sola, Mama, hata kaburini itawaka. Haipumui ile. Nilimweleza mpaka sauti ikakauka, akawa ananiitikia "sawa, Dada" ile ya kunyamazisha mtu. Dukani nako mafuta ya taa hakuna, vijana wananishangaa. Nimeyapata kwa fundi baiskeli, anaoshea minyororo.

Mwaka huu mizabibu imezaa kupita kawaida, na ameyajaza mapipa yote kwa pamoja. Yote yanachachuka sasa hivi, chini yangu, nayasikia yanavyotokota. Asubuhi nilishusha koroboi mbele yake. Haikufika hata nusu ya ngazi. Moto ulipungua, ukapungua, ukazima, kama mtu anayesinzia.

"Upepo huo," akasema.

Upepo, ndani ya shimo! Nikaiwasha tena, ikazima palepale. Na huko chini taa yake inang'aa vizuri kabisa, unaona mpaka vifuniko vya mapipa, panapendeza, panakuita. Hapo ndipo nilipoogopa. Zamani giza la handaki lilikuwa linatutisha, na kile kitisho kilikuwa kinatulinda. Nikauvuta mfuniko, nikakaa.

"Mbona juzi nilishuka na nikapanda?" aliniuliza.

"Magoti naye alikuwa ameshashuka na kupanda mara nyingi."

Mchana huu hasira zilimpungua, akaniletea ugali na sato, akakaa chini karibu yangu tukala sahani moja kama zamani. Basi nikamsimulia yote: khanga, nywele, kung'atwa, kiapo. Alikuwa anajua kwamba Magoti na mdogo wake walifia humu, ila hakuwahi kusikia namna walivyofuatana. Alirudisha tonge kwenye sahani. Nikajisemea moyoni, asante Mungu, limemwingia.

Halafu akasema, "Mimi Mama hakuniapisha."

"Najua. Apa leo, mbele yangu."

Akatikisa kichwa. "Ukianguka wewe mle, Dada, nashuka. Hata nikijua kitu gani kiko chini. Nitakaaje huku juu nakuangalia? Siapi kitu nisichoweza kukitimiza."

Alisema kwa upole, Mama, huku ananisogezea kipande cha samaki kisicho na miiba. Ni kwa mapenzi, nilikiona. Na nimeogopa kuliko nilivyoogopa koroboi ilipozima, kwa sababu handaki hili halihitaji mjinga. Linahitaji watu wanaopendana, na hapa tupo.

Amekubali leo tufungue milango tupunge mikeka. "Na kesho utawasha koroboi?" nimemuuliza. "Nitawasha, nitawasha." Kwa sauti ile ile aliyokuwa anakuahidi nayo kwamba ataenda misa. Kesho asubuhi narudi Makoko, kazi hainingoji. Koroboi nimeijaza, nimeipangusa kutu, nimeitundika kwenye msumari wako mlangoni ambapo hawezi kupita bila kuigonga kwa kichwa. Zaidi ya hapo sina uwezo. Mfuniko utabaki hauna mtu wa kuukalia.

Nakukumbuka sana, Mama. Nakukumbuka kila nikisikia debe. Lakini leo nina neno moja la kukulaumu, na uliruhusu tukulaumu tukiwa na sababu. Ulisema hata nikiwa mimi, na niliweza kuapa, kwa sababu moyoni nilijua wewe usingeshuka kamwe bila moto wako. Kilikuwa kiapo chepesi kile. Manyama atashuka. Siku moja nikiwa hapa nitasikia gunia limedondoka, na nimejaribu mchana kutwa kuuona mguu wangu ukibaki huku juu. Siuoni.

Na wewe haupo tena wa kunishika nywele.

Lala salama, Mama.

Binti yako uliyemwapisha