Aliyetulia

Kakuma, Agosti 1994

Dada Cherotich,

Majani ya chai yamefika, ila pakiti ilipasukia Lodwar, kwa hiyo tunakunywa chai yenye mchanga. Si neno. Hapa mchanga tunalala nao.

Umeniuliza kama nimeridhika na kazi. Hilo ni swali la mtu aliyeketi kivulini, lakini nitakujibu.

Wodi yangu ni ya watoto waliodhoofika kwa njaa. Mtoto akipiga kelele na kukisukuma kikombe cha maziwa mpaka kinimwagikie, naridhika. Ana nguvu za kukasirika, huyo atapona. Ninayemwogopa ni aliyetulia.

Jumatatu Adhel, mama mkimbizi kutoka Sudan, aliniita kwa mwanawe huku anatabasamu. "Sista, kuja uone. Kuol leo hakuna kulia. Sasa anasikia vizuri."

Nilimgusa mtoto miguu. Ilikuwa baridi, na jua lote lile la mchana. Daktari alikuja, akampima, akanitazama, akatikisa kichwa. Tulikuwa tumeshajaribu kila kitu.

Sikumwambia Adhel. Nilikaa naye kwenye mkeka, akanionyesha jinsi Kuol alivyochukua masikio ya baba yake, tukacheka pamoja. Tulicheka mpaka alipomwinua amnyonyeshe, akajua mwenyewe.

Unalalamika kwamba mwanao analia kutwa, hakupi nafasi hata ya kuchana nywele. Mwache alie, dada.

Akitulia, mguse miguu.

Mdogo wako,
Chelangat