Picha Nyeusi ya Bi Khadija

Jumapili, 9 Februari
Nahamisha picha nilizopiga jana kwenye kupamba kwa Rukia, ile sherehe ya wanawake ya kumremba bibi harusi, ukumbini mtaa wa Tudor. Chai imepoa. Nyingi nzuri, alhamdulillahi. Moja nyeusi tii. Flashi iligoma pale Bi Khadija, nyanya yake bibi harusi, alipoinama kumpaka mafuta mazuri. Sijaifuta. Uvivu tu.

Jumanne, 11 Februari
Bi Khadija amefariki alfajiri. Ghafla. Amezikwa baada ya adhuhuri.

Nimekwenda kutoa mkono wa tanzia. Rukia, hina bado haijafifia mikononi, akanishika. "Da Zuhura, ile picha yangu na nyanya unayo?"

Siku ile simu zilizuiliwa mlangoni. Kamera ilikuwa yangu peke yake. Nikajibu, "Ipo."

Naogopa.

Jumatano, 12 Februari
Nimeifungua kwa programu ya bure ya kusafishia picha. Bahati nilipiga faili ghafi, maana hilo huhifadhi mwanga wote ulioingia kwenye kamera, hata ule usioonekana pichani. Nimepandisha mwangaza. Uso umetokea, lakini umejaa chengachenga za zambarau, kama umemwagiwa mchanga. Laptopu ikaganda. Nimelia. Kisha nikauliza kwenye jukwaa la watengenezaji na watumiaji wake mtandaoni.

Alhamisi, 13 Februari
Nimejibiwa! Mtu nisiyemjua, hata nchi yake siijui, kaandika kwa kirefu: ondoa chengachenga kwanza, pandisha mwangaza kidogo kidogo, uso ushughulikie peke yake. Watu hawa wameitengeneza programu, wakaigawa bure, na bado wanakaa kunifundisha mimi. Mola awalipe.

Nimefuata. Mchanga ukapungua. Ngozi ikabaki ya kijivu, ya kutisha. Ndipo nikaziona asumini kichwani mwa Rukia. Nyeupe. Nikaiambia programu ipime weupe hapo. Rangi zote zikarudi mahali pake. Bi Khadija huyu hapa. Nimesimama, nikazunguka chumba.

Ijumaa, 14 Februari
Nimeichapisha, nikampelekea baada ya swala.

Rukia aliisogeza karibu na macho.

"Kumbe alikuwa akicheka," akasema. "Mimi nilikuwa nimeinamisha macho. Sikumuona."

Mamake akaipokea, akaibusu. Nikakaa nao mkekani mpaka laasiri. Nashukuru tu kwamba nilikuwapo.