Tochi Zinazopepesa

Jumatatu, 3 Machi

Tochi nyingine mezani. Hii ya Ambakisye, mdogo wangu, anayechimba dhahabu hapa Makongolosi. Tochi ya kichwa. Imetoka dukani na mwanga mkali, mkali zaidi, na ule wa kumulika-mulika kama disko. Nani anacheza disko shimoni? Nimeunganisha waya kwenye kompyuta, nikafuta programu yote, nikaandika yangu. Mwanga mdogo wa kutembelea. Wa kati wa kuchimbia. Mkali wa kukagua mwamba juu ya kichwa. Sasa betri itafika mwisho wa zamu. Ikikaribia kuisha, taa inapepesa mara mbili, inatulia, inapepesa tena. Hilo nimelibuni mwenyewe. Leo najiona fundi kwelikweli.

Jumatano, 5 Machi

Wote wanataka. Shimo zima la Ambakisye limeniletea tochi, hata Baba Neema anayeshika winchi ya kuvutia ndoo na watu huko juu. Sijapumzika tangu asubuhi. Chai imepoa, sijali.

Ijumaa, 7 Machi

Baba Neema ameona mwanga unapepesa chini, akavuta kamba haraka. Mchimbaji alikuwa hajakaa vizuri kwenye ndoo, bega limechunika. Kumbe betri tu.

Kule kelele za kompresa zinameza sauti. Kwa hiyo mtu aliye hatarini anafunika taa kwa kiganja, anafunua, anafunika tena. Maana yake nivuteni. Kila mtu machimboni anajua. Mimi nakaa kibandani natengeneza simu, sikuuliza. Wenyewe wanacheka. Mimi sina cha kucheka.

Jumamosi, 8 Machi

Imetokea tena. Safari hii Baba Neema hakunyanyuka. Alimalizia kwanza sigara yake. "Taa za dada hizo," alisema. Aliyenisimulia alidhani nitafurahi.

Nimewafundisha kudharau ishara.

Nimeandika programu upya. Betri ikikaribia kuisha, mwanga ushuke wenyewe polepole hadi ule mdogo, basi. Hakuna kupepesa. Nimepita nyumba kwa nyumba kukusanya tochi niziwekee programu hii. Nimezipata zote isipokuwa ya Ambakisye. Yuko Igawa kwa mkewe, nayo iko kwenye begi lake. Nimempigia. "Dada, acha presha. Jumatatu nakuletea."

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia neno. Kuimba nimeimba, sijui nini.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuleta. Ameshuka kwenye basi, akaenda moja kwa moja kazini. Nimebeba kompyuta nikakimbilia shimoni na ndala zangu. Nimekuta ameshashuka.

Baba Neema ananiambia kaa, dada, unatutia wasiwasi. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Namchukia mdogo wangu kwa ubishi wake, najichukia mimi zaidi.

Mwanga ukapepesa.

Baba Neema akachungulia, akasema betri hiyo. Nikamwambia vuta. Akasema ngoja kwanza, ndoo haijajaa. Nikapiga kelele, nikaushika mpini wa winchi mwenyewe. Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. Kisha akavuta.

Ambakisye ametoka macho mekundu, anatapika. Hewa chafu huko chini. Wamemlaza kivulini, wakampepea kwa shati. Baba Neema alikwenda kusimama mbali na sisi, mikono kiunoni.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Ambakisye yuko kwangu, amelala karibu kutwa nzima. Zahanati wamesema apumzike tu.

Nimepima betri ya tochi yake. Bado imejaa. Ulikuwa mkono wake.

Jioni ameamka, akaomba uji. Amekunywa taratibu. Akaniuliza kama Baba Neema alivuta pale pale alipoona taa.

Nimemwambia ndiyo. Nikamwongezea sukari.