Kikombe cha Salum

Murmansk, Jumanne, Juni 2004

Jua halizami huku. Naswali kwa saa ya Ibra, mji wetu kule Oman.

Nimekuja kumrejesha nyumbani mwanangu Salum. Alitoka Unguja kijana kuja kusomea meli, nasi nyuma yake tukahamia Oman; leo ana mvi.

Asubuhi nimemmiminia kahawa niliyoibeba pamoja na halwa. Kwetu aliyetosheka hukitikisa kikombe, asipotikisa humiminiwa tu. Salum kanywa, kakiweka. Nikamimina tena. Mara ya sita akacheka: "Mama, wataka kunizamisha?"

"Si ukitikise, mjinga wee!"

Akakitazama kikombe. "Nimesahau, mama."

Maneno ya kumwomba arejee nilikuwa nayo tele. Nikakichukua kikombe chake, nikakitikisa mwenyewe: yametosha.

Kesho nitampikia mchuzi wa papa, ale ashibe. Kisha nitarudi Ibra peke yangu.