Watoto Watatu wa Zamu Yangu

Mikumi, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Naandika barua kwa sababu kwenye simu ningelia.

Wodini kwetu watoto watatu waliolazwa kwa nimonia walikuwa wameanza kupona, homa ikawarudia. Pale tulipowawekea kanula, kile kisindano cha kupitishia dawa, pakavimba na kutoa usaha. Maabara wamesema wote wana bakteria wa aina moja, na hawakuja nao. Wamewapata hapahapa.

Wote watatu niliwawekea mimi. Siku ile bomba lilikauka, nikapita kitanda hadi kitanda bila kunawa. Wawili wana nafuu. Yusrah, wa miezi minane, hali yake si nzuri. Mama yake, Mwanakheri, hajui, na bado ananishukuru kila nikimgusa mtoto. Wenzangu wanasema ninyamaze.

Mwanao,
Debora

Chanzuru, 8 Machi 2024

Mwanangu Debora,

Marahaba. Goti linanipeleka shambani na kunirudisha, namshukuru Mungu.

Sijawahi kukuambia hili. Mwaka ule ufuta wa jirani yetu Nickson ulipoungua, moto ulitoka kwangu, nilikuwa nachoma majani. Nilinyamaza wiki mbili kabla ya kumwendea kumwambia, nikawa nabadilisha njia nisikutane naye. Wiki zile zilinichosha kuliko kulima.

Anza na mkubwa wako wa kazi, leo hii, watoto wengine wasipate. Halafu mwambie mama. Ila usiende kwake kutua mzigo wako. Mweleze mtoto ana nini, mnamtibuje, na yeye aangalie nini. Akikasirika, mwache akasirike.

Baba yako,
Yared

Mikumi, 30 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya, na asante kwa habari ya ufuta.

Nilimwambia Sista Anastazia, mkuu wa wodi. Alinikaripia, kisha akaagiza ndoo za maji zenye koki kila mlango, na daktari akabadilisha dawa. Mwanakheri alinisikiliza mpaka mwisho, akamchukua mtoto akanipa mgongo. Siku nne hakukubali nimguse mtoto. Sikumlaumu.

Siku ya tano kanula ikaziba. Mwenzangu alijaribu mara mbili, mshipa haukupatikana, mtoto analia. Mwanakheri akasema, "Mwiteni Debora. Ila anawe mbele yangu."

Nilinawa kidole kwa kidole, ananitazama. Mshipa niliupata mara ya kwanza.

Siku hizi kina mama wote wodini wanatuuliza kama tumenawa, na hakuna muuguzi anayenuna.

Yusrah ameruhusiwa Jumanne, wenzake walitangulia. Mwanakheri hakusema kama amenisamehe, nami sikumuuliza. Alipotaka kufunga mizigo yake, alitazama huku na huku, akanipa mtoto nimshike.

Mwanao,
Debora